Tabaka la Pili la Rangi

Gari la Mwalimu lilirudi Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi likitoa moshi mweusi, siku tatu tu baada ya kutengenezwa. Lilikata kona kutoka barabarani, likapita chini ya bango la gereji, likasita mara mbili kama mtu aliyepaliwa, kisha likazimika lenyewe kabla Mwalimu hajagusa ufunguo.

Fundi aliyelitengeneza alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Chai ilitoka nyumbani ndani ya chupa, na nyumbani ilichemshwa kwenye birika ambalo filimbi yake ilikufa mwaka juzi. Fundi huyo watu walimwita Sikio. Hata mkewe, akimtafuta kwa majirani, aliuliza kama wamemwona Sikio. Jina alilipata miaka thelathini iliyopita, kwa kurekebisha kabureta bila kipimo chochote. Aliinama juu ya injini inayonguruma, akafumba macho, akazungusha skrubu ya mchanganyiko kwa bisibisi fupi, na alipoachia, petroli na hewa vilikuwa vimepatana. Mafundi wa injini mpya, zisizo na kabureta, walijaa mji mzima. Wenye magari ya zamani walikuja kwake. Bango lenyewe lilisema: KABURETA KWA SIKIO. HATUPIMI, TUNASIKIA.

"Fundi," alisema Mwalimu akishuka, "nimekurudishia mgonjwa wako. Hajapona, amezidiwa."

"Mwalimu, Ijumaa gari limetoka hapa likinong'ona."

"Limetoka hapa likikohoa. Nikajipa moyo kwamba litaacha njiani. Dada yangu alikuwa na miadi ya daktari Jumamosi alfajiri, ningefanyaje? Tumefika tunanuka petroli, daktari akauliza kama tunauza."

Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, akastaafu kazi lakini tabia akabaki nazo. Shati lilifungwa vifungo mpaka shingoni. Kwapani alibana daftari la karatasi za miraba ambamo aliandika kila lita ya petroli na kila kilomita.

"Likikimbia linasumbua?" aliuliza Sikio.

"Likikimbia ni zima kabisa. Likisimama ndipo linajisonga. Kwenye foleni nilikuwa nakanyaga mafuta na breki kwa wakati mmoja, mguu mmoja huku, mwingine kule, kama mpiga kinanda."

Sikio aliitikia kwa kichwa. Maelezo hayo yalitosha kumwonyesha pa kuanzia. Gari linaloenda vizuri kwa mwendo na kujisonga kwenye silensa, ule mngurumo wa kusimama, lina tatizo katika njia ndogo ya mafuta, ile inayolilisha likiwa limesimama. Hata hivyo hakurukia jibu. Alikuwa na utaratibu, naye aliufuata hata kwa gari alilolijua kama kiganja chake.

"Na mwenzako yuko wapi?" Mwalimu aliuliza akijiketisha kwenye benchi.

"Shemeji? Kafungua gereji, kaenda kuchukua gasketi kwa wauzaji wa jumla. Kabla ya saa sita atakuwa hapa."

Shemeji alikuwa mdogo wa mke wa Sikio, na alikuwa mwenzake gerejini kwa miaka ishirini na miwili. Yeye alishika ufunguo na kufungua saa moja kila siku. Sikio alifika saa mbili. Ni yeye pia aliyeleta, miaka miwili nyuma, kanuni moja ambayo sasa wateja wote waliijua: kila gari lililorekebishwa kabureta lazima lilale gerejini, liwashwe asubuhi likiwa baridi, ndipo likabidhiwe. Injini ikirekebishwa ikiwa moto, alisema, inaweza kukataa ikiwa baridi. Sikio aliona hoja ina maana, akaikubali. Baada ya mwezi alikuwa akiwaeleza wateja kana kwamba aliibuni mwenyewe.

Ijumaa, Mwalimu alikataa kulaza gari. Shemeji alimsihi mpaka ikawa kituko. Alishika kioo cha pembeni gari likiwa limeshaanza kutembea. "Mwalimu, kanuni ni kanuni! Usiku mmoja tu!" Sikio ndiye aliyemaliza ubishi. "Mwache mzee wa watu aende na gari lake," alisema. "Kazi yangu haihitaji kulaliwa."

Sasa alifungua boneti. Alitoa chujio la hewa, akalielekeza juani: safi. Alivuta kamba ya choki na kuiachia, akatazama kibao chake cha kuziba hewa kikifunguka wima bila kukwama. Alitoa plagi nne akazipanga juu ya gazeti. Zote zilikuwa nyeusi, zimevaa masizi makavu yaliyotoka kwa kidole.

"Linakula petroli kuliko hewa," alisema. "Hilo hata kipofu angeliona. Swali ni kwa nini."

"Swali zuri," alisema Mwalimu, kwa sauti ile ya kumtia moyo mwanafunzi wa mwisho darasani.

Sikio alifungua kifuniko cha kabureta. Boya, kile kidude chepesi kinachoelea na kuamua petroli ingie kiasi gani, alilichomoa akalitikisa karibu na sikio la kulia. Boya lililotoboka hubeba petroli tumboni, huzama, na kuiacha injini ifurike. Hakusikia kitu. Akaliweka kando. Sindano inayoziba tundu la petroli haikuwa na mfereji nchani. Alipuliza kwa mdomo kwenye bomba huku amegeuza kifuniko juu chini, na pumzi haikupita. Jeti, vile vipande vyenye matundu ya kupimia petroli, alizielekeza kwenye mwanga moja moja. Matundu yalikuwa duara kamili, namba zilikuwa zilezile.

Ikabaki skrubu ya mchanganyiko, na juu yake doa jekundu.

Doa lilikuwa muhuri wa Sikio. Kila alipomaliza kabureta alidondosha tone la rangi ya kucha, nusu juu ya kichwa cha skrubu, nusu juu ya mwili wa kabureta. Mtu akiigusa skrubu, doa linapasuka, na mteja hana pa kujitetea. Mkewe ndiye aliyemnunulia rangi hiyo, nyekundu iliyokolea, ingawa mwenyewe hakuwahi kupaka kucha maishani. "Duka zima linajua mimi mrembo," aliwahi kusema, "kumbe narembesha vyuma."

Doa la gari la Mwalimu lilikuwa zima.

"Hukuigusa," Sikio alikiri.

"Mimi hata balbu ya chumbani naita mtu aje kubadili."

Sikio alibandua doa kwa wembe, akafunga skrubu taratibu huku akihesabu mpaka ilipogota. Mizunguko miwili na robo tatu. Alihesabu tena kwa kuifungua. Miwili na robo tatu.

"Hapo ndipo nilipoiacha Ijumaa," alisema.

"Basi ulipoiacha ndipo pabaya."

"Mwalimu, niliisikia kwa masikio yangu."

"Sisemi hukusikia. Nasema namba ni hiyo, na moshi ni huo." Mwalimu alifungua daftari. "Njoo uone kitu. Nimekaa nacho tangu jana, nikajiuliza nikuambie au nikae kimya."

Kurasa mbili zilikuwa na jedwali lililopigwa mstari kwa rula. Miaka minne, matengenezo kumi na mawili, na mbele ya kila tengenezo kilomita kwa lita katika mwezi uliofuata.

"Hizi sita za mwanzo," Mwalimu alionyesha kwa ncha ya kalamu, "nilikuwa naondoka na gari siku hiyohiyo. Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja na nusu. Zima. Kisha mkaleta kanuni ya kulaza. Hizi sita za karibuni, limelala mara nne: kumi na moja zote nne. Halikulala mara mbili, mwaka jana nilipokuwa na msiba, na Ijumaa iliyopita. Ule mwezi wa msiba, tisa. Safari hii, kwa siku hizi tatu, tisa kasorobo."

"Gari si mtoto mchanga, Mwalimu. Halinenepi kwa kulala."

"Ndiyo maana nimekuja kuuliza. Likilala hapa, linafanywa nini?"

"Linalala!" Sikio alicheka, na kicheko kikamwishia mdomoni. Alikuwa ametazama kona ya gereji, palipokuwa na pikapu ya Muuguzi, mteja wao wa hospitali.

Pikapu hiyo aliirekebisha Ijumaa hiyohiyo asubuhi. Injini yake na ya gari la Mwalimu zilikuwa za kiwanda kimoja na ukubwa mmoja, kabureta pia, kama ndugu wa tumbo moja. Muuguzi alikuwa zamu mwishoni mwa juma, hivyo pikapu ilikuwa imelala siku tatu. Sikio alikwenda akafungua boneti yake. Doa jekundu lilikuwepo, zima, linang'aa.

Lilikuwa nene.

Alichukua wembe. Alilikata kwa ubavu, kama mtu anayemenya kitu asichotaka kukipoteza, na tabaka la juu likatoka lote kwa pamoja. Chini yake kulikuwa na rangi nyingine, nyekundu ileile, nyembamba, iliyopasuka. Nusu iliyokuwa juu ya skrubu na nusu iliyokuwa juu ya mwili wa kabureta hazikutazamana tena. Zilipishana robo mzunguko.

Alifunga skrubu, ambayo Ijumaa aliiacha kwenye miwili na robo tatu, akihesabu. Mmoja na nusu.

Aliinuka taratibu, akafuta mikono kwa tambara ambalo halikuwa na haja ya kutumika. Gereji ilikuwa na funguo mbili, wake na wa Shemeji. Jumamosi saa moja asubuhi, mtu mmoja tu alikuwa hapa.

"Kaniharibia," alisema.

"Nani?"

"Shemeji. Anafungua kazi yangu. Anafungua, anachezea, anafunga, anapaka rangi juu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Miaka ishirini na miwili nimemwachia ufunguo."

Mwalimu alifunga daftari, akaliweka kwenye goti.

"Kabla hujamhukumu, washa zote mbili."

Sikio alirudisha vipande vya gari la Mwalimu, skrubu akaiweka palepale, miwili na robo tatu. Akawasha. Skrubu ya pikapu akairudisha kwenye mmoja na nusu, akaiwasha nayo. Injini zote zilipopata moto, Mwalimu alichana ukurasa mweupe kutoka nyuma ya daftari, kitendo ambacho huenda hakuwahi kukifanya maishani, akaukata vipande viwili. Kila kimoja Sikio alikishika nusu dakika mbele ya bomba la moshi. Cha gari la Mwalimu kilitoka na duara jeusi. Cha pikapu kilitoka na unyevu tu.

Hivyo skrubu iliyochezewa ndiyo iliyokuwa sahihi.

Sikio alisimama katikati ya magari mawili, karatasi moja kila mkono. Akainamisha kichwa juu ya injini ya Mwalimu, akafumba macho kama kawaida yake. Akaenda kwenye pikapu, akafanya vilevile. Akarudi. Zote zilinguruma. Akatafuta tofauti kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi aliyoizoea, na ukuta ukawa ni ukuta tu.

"Mwalimu," alisema hatimaye, bila kufumbua macho. "Unasikia tofauti?"

"Kwani wewe husikii?"

Sikio alifumbua macho.

"Hili langu linapiga chafya kule nyuma," Mwalimu alisema, polepole zaidi. "Pu, kisha linatulia, kisha pu. Na hii ya Muuguzi inatoa kamluzi kembamba, kama mtu anayepoza chai kwa mdomo. Nilidhani ndicho unachosikilizaga."

Ndicho alichokuwa akisikiliza. Kamluzi hako ka hewa inayoingia ndiko kalikuwa siri ya kazi yake yote. Skrubu ikizungushwa mpaka kamluzi kawe kembamba na kasitetemeke, hapo ndipo mahali. Alijaribu kukumbuka lini alikasikia mara ya mwisho, si kwa mazoea, bali kwa kweli. Asipokapata, mkono wake ulikuwa umejifunza kufungua zaidi na zaidi, kukafuata, mpaka mngurumo unenepe na kumridhisha.

Alizima injini zote mbili. Kisha akamwaga kwenye kopo chai ya moto iliyobaki ndani ya chupa, akachomoa tena boya la Mwalimu, akalizamisha. Boya lililotoboka hutoa mapovu kwenye maji ya moto. Hakuna povu lililotoka. Boya lilikuwa zima, ila hakulijua hilo saa moja iliyopita alipolitikisa. Alikuwa amebahatisha.

Sanduku la vifaa la Shemeji lilikuwa chini ya meza, halina kufuli. Hakuwahi kulifungua kwa miaka yote hiyo, kwa adabu tu. Chini ya spana, ndani ya soksi safi ya mtoto, alikuta geji ya mvuto wa injini, ile saa ya duara yenye mpira mrefu unaochomekwa kwenye manifoldi, bomba linaloingiza hewa ndani ya injini. Karibu yake palikuwa na kichupa cha dawa ya matone kilichooshwa, kimejaa nusu rangi nyekundu.

Alivipanga juu ya meza, akavuta kiti, akakaa.

Kuhusu geji Sikio alikuwa na mzaha wake maarufu. Kila mteja mpya aliusikia. "Geji?" angesema, "geji ni ya viziwi!" na gereji nzima ingecheka. Shemeji naye alicheka. Sikio aliikumbuka sura yake akicheka, wiki iliyopita tu, mbele ya Muuguzi. Muuguzi naye alicheka, kisha akaangalia viatu vyake.

Shemeji aliingia saa tano na dakika kadhaa, furushi la gasketi begani.

"Kaka, hawa wauzaji ni wezi wenye risiti! Gasketi moja bei ya kuku! Mwalimu, shikamoo, naona mgonjwa ame..." Akaona meza. Furushi likashuka begani lenyewe.

"Endelea," alisema Sikio. "Amefanyaje?"

"Kaka."

"Tangu lini?"

"Kaka, tuzungumze pembeni."

"Mwalimu ameleta ushahidi, ana haki ya kusikia hukumu. Tangu lini?"

Mwalimu alikuwa amefungua daftari na kulisoma kwa bidii kubwa, ingawa lilikuwa juu chini.

Shemeji alikaa juu ya tairi. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa maneno, na maneno yalikuwa yamemhama. "Miaka miwili na miezi kidogo. Magari matatu yalirudi wiki moja. Ukasema petroli ya siku hizi chafu. Nikaangalia skrubu, nikaona umefungua mno. Nikarekebisha moja, nikasema nitakuambia. Kesho yake umekuja unaimba, umesifiwa na mteja kwa hilohilo gari. Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo."

"Nilishindwa."

"Na kulaza magari?"

"Nilihitaji saa moja ya asubuhi kabla hujafika."

"Kwa hiyo kanuni niliyoitangazia mji mzima ilikuwa ya kunichezea shere."

"Ya kukustiri, kaka. Jina lako ndilo bango. Bango likianguka sote tunalala njaa, lakini si kwa hilo tu, Mungu shahidi. Nilikuwa nakuonea..." Akajizuia.

"Malizia. Huruma."

Shemeji alitazama sakafu.

"Rangi umeipata wapi?" Sikio aliuliza. "Nyekundu hii duka liliacha kuiuza. Nilikuwa na chupa moja."

Jinsi Shemeji alivyokitazama kichupa ilikuwa jibu, lakini Sikio alikuwa mtu wa kuthibitisha. "Nimeuliza."

"Dada alinigawia."

"Dada yako. Mke wangu."

"Yeye ndiye aliyegundua kwanza. Birika, kaka. Lilikuwa linapiga filimbi mpaka maji yanakauka, na wewe umekaa hatua mbili. Ukamwambia filimbi imekufa. Akakubali."

Sikio alitazama chupa ya chai juu ya meza. Alikuwa amenunua birika lile mwenyewe. Mwaka juzi alilipindua, akachunguza filimbi, akaipuliza, akatangaza kwamba imekufa, na mkewe, amesimama hapohapo na kikombe mkononi, alisema: "Vitu vya siku hizi."

"Wangapi wengine?"

"Muuguzi. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, nzito zinabaki. Alisema upelekwe ukapimwe. Dada akasema tusubiri."

"Tusubiri nini?"

"Sijui. Kila mwezi tulisema mwezi ujao."

"Na mimi nikawa napiga mzaha wa viziwi." Sikio alisema kwa utulivu ambao Shemeji hakuupenda. "Mlikuwa mnacheka nini hasa? Nieleze. Mlicheka mzaha, au mlinicheka mimi?"

"Kaka, tulicheka ili usione kwamba hatucheki."

"Miaka miwili mmenivika kilemba cha ukoka, nikatembea nacho barabarani nikijiona sultani. Mkikaa nyumbani mnanila kisogo, mnagawana rangi ya kucha." Aliinuka. "Ningejua kwamba naharibu magari, ningekwenda kupimwa siku ya pili. Ningenunua geji. Ningebadili bango. Mlinificha kosa langu mwenyewe, Shemeji, na kosa langu ni mali yangu. Ndilo ninalolifanyia kazi."

Shemeji alinyoosha mkono kuchukua geji. "Ngoja nimtengenezee Mwalimu, asubiri bure mzee wa watu."

"Weka."

Sikio aliichukua mwenyewe. Hakuwahi kuitumia, lakini aliijua. Mtu huwajua vizuri adui zake. Alichomeka mpira kwenye manifoldi, akawasha injini, akasubiri ipate moto. Sindano ya geji ilitetemeka kati ya kumi na nne na kumi na tano. Akaanza kufunga skrubu, robo kwa robo, bila kuinamisha kichwa. Alisimama wima, macho mawili kwenye saa. Shingo yake, iliyozoea kuinama, haikujua pa kukaa. Sindano ilipanda: kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Alifunga zaidi kidogo, ikashuka na kuanza kuyumba. Alirudisha. Kumi na nane, tuli. Akapunguza silensa kidogo kwa skrubu ya pili, akahakikisha sindano haijasogea.

Kisha akazima, akafunga skrubu ya mchanganyiko akihesabu ili ajue. Mmoja na nusu. Palepale pa Shemeji. Akaifungua kwa idadi hiyohiyo, akawasha tena, na Mwalimu akashika nusu karatasi nyingine kwenye bomba. Ilitoka nyeupe.

"Ufundi haujapotea," Mwalimu alisema.

"Masikio yamepotea. Andika hivyo kwenye daftari lako. Na zile mara nne za kumi na moja, andika ni za Shemeji. Zisibaki kwa jina langu."

Mwalimu alitazama mmoja, akatazama mwingine, kisha akatoa kalamu akaandika kweli.

Sikio hakuweka doa jekundu. Alifunga boneti, akampa Mwalimu ufunguo, na gari likatoka bila kusita. Kisha akamgeukia Shemeji na kunyoosha kiganja.

"Ufunguo."

"Kaka, unanifukuza?"

"Nimesema ufunguo. Kazi unayo. Ila kesho gereji nafungua mimi, saa moja. Na kila gari litaondoka siku lilipotengenezwa, na aliyelitengeneza atataja jina lake mbele ya mwenye gari."

Shemeji aliuchomoa kwenye mnyororo wenye funguo za nyumba yake. Ulikuwa umekaa humo muda mrefu hivi kwamba ulikataa kutoka, na Sikio alisimama akisubiri, hakumsaidia.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu ya paa za jirani. Mkewe alikuwa akipiga pasi ovaroli yake ya pili, anaibana mikunjo kana kwamba kuna mtu gerejini anayekagua mikunjo. Mdogo wake alikuwa ameshampigia simu. Ilionekana kwa jinsi alivyoendelea kupiga pasi bila kuinua macho.

Sikio aliweka mezani vichupa viwili vya rangi, chake na kile cha dawa ya matone, kimoja karibu na kingine. Kisha akaenda jikoni, akajaza birika, akaliweka juu ya jiko na kuwasha moto. Alivuta kiti akakaa hatua mbili kutoka hapo, pale alipozoea. Mkewe aliacha pasi, akaja akasimama mlangoni.

"Baba watoto, nilitaka..."

Alimwonyesha kwa mkono asubiri. Akageuza kiti kidogo ili aweze kumwona mdomo.

Maji yalichemka. Mvuke ulitoka kwenye mdomo wa birika, mwembamba mwanzo, kisha mnyoofu na mkali, ukipinda chini ya rafu. Sikio aliutazama, kisha akamtazama mkewe.

"Inalia?"

Mkewe alishika fremu ya mlango. "Inalia."

"Ilianza lini tena?"

Safari hii Sikio aliona waziwazi jinsi mdomo wa mkewe ulivyotafuta jibu jingine, ukalikosa.

"Haikuwahi kuacha," alisema.

Sikio aliinuka akazima moto, na kwa kutazama mvuke tu akajua ni wakati gani filimbi ilinyamaza.